Mkate wa Bi Mize na Mlio wa Pugi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipokula mkate ambao haukuwa wangu, na mpaka leo sijaumaliza. Usicheke. Meno yalishautafuna zamani, lakini upo mkate unaomkaa mtu kooni miaka hamsini. Nakuhadithia leo kwa sababu juzi ulikuja kunisikilizisha wimbo uliouunda kwenye simu yako, na nilipokuuliza umeyapata wapi mahadhi yale, ukanijibu, "Babu, kila kitu kimo humu." Nilinyamaza, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe nilipokuwa na umri kama wako.

Siku hizo nilikuwa fundi wa redio Malindi, hapa mjini Unguja, katika kibanda karibu na bandari. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Mabaharia na mahamali waliniletea redio zao zilizokufa, nami nikizifufua, na kila iliyofufuka niliiacha iimbe kutwa nzima kabla mwenyewe hajaja kuichukua. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Langu mimi lilikuwa limevimbiwa. Misri niliisikia, Bara Hindi niliisikia, Dar es Salaam niliisikia. Jioni nilipiga fidla katika klabu yetu ndogo ya taarab, na nilipiga vizuri, sisemi kwa kujisifu. Haya, kwa kujisifu kidogo.

Mkuu wetu pale klabuni alikuwa Maalim Suwedi, mpigaji wa ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye kofia iliyokaa upande daima. Ndiye aliyenishikisha upinde wa fidla nikiwa sijaota ndevu. Mwaka ninaokusimulia, masikio yake yalikuwa yanamtoka. La kulia lilikwishakufa kabisa, la kushoto likibakia na uhai mdogo, na ulipotaka kusema naye ulikwenda upande huo ukasogeza mdomo. Hakuwa mtu wa kulalamika. Aliyageuza maradhi yake mzaha.

"Njoo huku, Shaame," aliniambia siku moja nyumbani kwake, akinivuta upande wa kushoto. "Huko nshafunga duka. Huku ndiko bado kuko wazi, na bidhaa zenyewe chache."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nina wimbo," akasema. "Maneno nnayo, mwanzo nnao. Mahadhi yake sikuyatoa kwenye sahani ya santuri wala kwa mtu. Nliyatoa kwa pugi wa kwetu Uroa, nlipokuwa mtoto."

Pugi unamjua? Ni njiwa mdogo wa vichakani, mdogo kuliko tetere. Utamsikia mara mia, umwone mara moja. Maalim akaiweka ganuni mapajani mwake akapiga ule mwanzo: sauti moja, akangoja, ya pili, akangoja, kisha zikaanza kufuatana, zikaharakisha zikishuka. Halafu vidole vikasimama hewani.

"Hapa ndipo ninapopotea," akasema. "Mwisho wake umenitoka. Najua haukuwa hivihivi, palikuwa na kitu, lakini sikikumbuki, na kwenda kumsikiliza mwenyewe haina maana tena. Ndege ni wa kwanza kunihama. Nenda wewe. Shukia kwa dada yangu Mize, kaa siku mbili tatu, unletee namna anavyomaliza. Nataka niusikie wimbo huu mzima, japo mara moja, kabla duka halijafungwa."

Hilo ndilo alilolitaka, mwanangu. Hakutaka dawa wala sifa. Alitaka kusikia wimbo wake mzima mara moja.

Ijumaa asubuhi mkewe, Bi Rukia, alinipa kikapu. Ndani mlikuwa na mkate wa kumimina uliofungwa kitambaa cheupe, bado moto, unanukia hiliki. "Mpe wifi yangu," akanambia. "Mwambie ntakuja mwenyewe mvua zikishakatika." Nikaitikia vizuri, nikabusu mkono, nikaenda zangu Darajani kupanda gari la shamba, lile la abiria wa vijijini.

Sasa hapa nikuambie ukweli, maana mficha uchi hazai. Gari lilikuwa tayari. Kilichonirudisha hakikuwa ugonjwa wala msiba. Nilikuwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, na gari lilikuwa limejaa matenga yaliyochukua samaki jana yake. Tena gari lenyewe lilikuwa linaishia Chwaka, na kutoka hapo mpaka Uroa nitembee na miguu yangu kufuata pwani. Wingu lilikuwa limetanda. Nikasimama, nikatazama matenga, nikatazama kanzu. Nikajiambia: kwani pugi ni nini? Sauti ni sauti. Mimi nina dunia nzima kibandani kwangu, niende maweni kumsikiliza njiwa?

Nikarudi Malindi. Njiani niliwakuta wenzangu barazani wanakunywa kahawa. Mkate wa kumimina haukai, nikajiambia, utachacha bure. Tukaula. Ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe, na mimi ndiye niliyekula kipande cha mwisho.

Siku mbili nilijifungia kibandani ili watu wasinione mjini. Redio ya baharia mmoja ilikuwa mezani, na siku ya pili ikatoa wimbo wa Misri uliokuwa na kipande kitamu kinachoshuka mwishoni. Nikakinasa kwa fidla. Nikakipunguza huku, nikakirefusha kule, nikakiunganisha na mwanzo wa Maalim. Kikakaa sawasawa.

Lazima nikueleze desturi yetu, usije ukatuona sote wezi. Mafundi wa taarab siku zile walichukua mahadhi ya Misri, au ya filamu ya Kihindi, wakayavua maneno yake na kuyavisha Kiswahili. Watu walijua, wakafurahi, wakatunza pesa. Kuazima hakukuwa na aibu. Aibu ni kukiazima kitu kisha ukasema umekizaa wewe. Na mimi nilipanga kufanya kibaya zaidi ya hapo: kusema amekizaa ndege.

Jumapili nikaenda kwa Maalim.

"Mize hajambo?" akauliza.

"Hajambo, anakusalimu sana."

"Na mkate?" Bi Rukia akadakia kutoka ukumbini.

"Kashukuru, Bi Rukia. Kasema haujawahi kutokea mkate kama ule."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini siku ile niliiona yangu ni lami tupu mpaka Fumba. Nikatoa fidla. Maalim akasogeza kiti, akaweka kiganja chake mgongoni mwa fidla apate kuihisi, na macho yake akayatia kwenye vidole vyangu. Hilo sikuwa nimelitarajia. Nikapiga.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akatikisa kichwa polepole, akachukua ganuni yake, akaanza pale nilipoachia mimi. Akaupiga wimbo wa Misri wote uliobaki, kipande baada ya kipande, mpaka ukaisha.

"Mbele yake unakwenda hivi, au sivyo?" akauliza.

Niliinamisha kichwa. Jasho lilinitoka hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Pugi huyu namjua," akasema. "Nlimkuta kwenye sahani kabla mamako hajaolewa. Mimi pia nlimchukua nkasema wangu, na marehemu mwalimu wangu alinitazama hivi nnavyokutazama wewe. Mwanangu, sikukutuma unletee wimbo. Nyimbo nnazo. Nlikutuma uende na masikio yako kwa niaba ya masikio yangu. Sasa nimekaa siku mbili hapa nkifurahi kwamba nipo Uroa, kumbe nipo Malindi kwenye kibanda cha redio."

Hakunifokea. Laiti angenifokea, ningekasirika, nikapona. Alinipigapiga bega akasema, "Pugi bado yupo. Gari za shamba zipo. Duka ndilo halina siku nyingi."

Ungelikuwa wewe ungefanyaje? Najua, ungelipanda gari kesho yake. Mimi nilifanya wanalofanya wenye kiburi wakishaaibika: nikajificha. Klabuni nikasema naumwa. Nyumba ya Maalim nikaipitia kichochoro cha nyuma. Wiki ikapita, na ya pili. Nilikuwa nikijiambia naona haya, na haya ni sifa ya muungwana. Siyo. Nilikuwa najipenda tu. Haya ya kweli ingelinipeleka Uroa mbio.

Aliyenitoa pangoni ni Bi Rukia. Alikuja kibandani asubuhi moja na buibui lake, akaweka kikapu juu ya meza katikati ya nyaya na vyuma vyangu. Nikanusa hiliki.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Huu usiule."

Nikatamani ardhi inimeze. Nikadhani atanisema, na nilistahiki. Lakini alishika ukingo wa meza.

"Shaame, juzi nlimwita, hakuitika naam. Nlikuwa nyuma yake, karibu kama hapa na pale. Nkamwita tena. Miaka thelathini na moja nikimwita ananiitika." Akafuta macho kwa pembe ya buibui. "Yeye hatakutuma tena, ana haya kuliko wewe. Mimi nakutuma."

Sikubadilisha hata shati. Nilifunga kibanda, nikapanda gari lile lile, nikakalia tenga. Chwaka tukashuka, nikavua viatu, nikafuata pwani na kikapu kichwani huku manyunyu yananipiga. Mkate niliufunika kwa shati langu.

Bi Mize nilimkuta ufukweni na wanawake wenzake, wanaponda kwa magongo makumbi ya nazi yaliyokwisha kuozeshwa mchangani, wapate usumba wa kusokota kamba. Alikuwa mrefu, mkavu, na kofia ya ndugu yake ingelimkaa upande vile vile. Nikamwamkia, nikampa kikapu. Ulimi ukanitangulia.

"Bi Mize, huu ni mkate wa pili. Wa kwanza nliula."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka gongo likamponyoka. "Ulikuwa mtamu?"

"Mtamu."

"Basi uliliwa. Kaa chini, shika gongo, uulipe."

Nikamweleza shida iliyonileta. Yeye alinisukumia makumbi tu. Kutwa nzima nikaponda. Kila pugi alipolia maweni nyuma ya kijiji nilisimamisha gongo nikatega sikio, na kila nilipotega nilisikia vitu vyangu mwenyewe. Unaweza kuamini? Ndege analia, na kichwa changu kinamtilia fidla ya Misri. Nilikuwa nimejaza masikio kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya kitu kuingia.

"Acha kumwinda," Bi Mize akaniambia siku ya pili. "Unamsikiliza kama askari anayemsaka mtu. Ponda."

Nikaponda. Na nilipochoka, mikono imevimba na kichwa hakina tena nguvu ya kutia chochote, nikaanza kusikia. Kwanza bahari, si ile ya karibu, ni ile inayovunjika mbali mwambani, haisiti hata kidogo, nami nimekaa siku mbili bila kuitambua. Juu yake miti ya mivinje inavuma. Magongo ya wanawake hayakuwa pamoja wala hayakuachana, kila mmoja akiingia penye nafasi aliyoachiwa na mwenzake, na hakuna aliyewafundisha. Kisha pugi. Akatoa moja, akangoja. Nikagundua kwamba kule kungoja hakulingani. Kwa pili ni kurefu kidogo kuliko kwa kwanza, kama mtu asiye na hakika ya kukaribishwa. Ndipo akashuka mbio, akanyamaza. Machozi yalinitoka, mwanangu, na sikuyaonea haya mbele ya wanawake wale.

"Anamalizaje, Bi Mize? Mbona anakatika tu?"

"Hajakatika. We unamsikiliza wa huku peke yake." Akanyosha gongo kuelekea upande wa pili wa kijiji. "Sikiliza kule."

Nikangoja. Kutoka mbali, chini zaidi na taratibu zaidi, pugi mwengine akajibu. Alianza pale pale mwenziwe alipoachia.

"Pugi hawi na mwisho wake mwenyewe," akasema. "Mwisho anao mwenzake. Sisi tulipokuwa wadogo kaka yangu alikaa maweni huku na mimi kule, yeye akiita na mimi nikimwitika, mpaka mama anatutafuta na ufito. Halafu akaenda zake mjini na mwito wake. Mimi kuitika kwangu ninako hapa hapa."

Kesho yake asubuhi nilikuwa mjini. Nilikimbia kutoka Darajani, miguu imejaa mchanga. Bi Rukia akanifungulia mlango, nikaona uso wake kabla hajasema.

"Duka limefungwa," akasema. "Tangu jana. Hata nikipiga kelele, hasikii."

Siku moja, mwanangu. Nilichelewa siku moja baada ya kupoteza zaidi ya wiki mbili nikijificha. Nilikaa kizingitini nikalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, na mwenye nyumba alikuwa ndani hatua tano, hakusikia kilio changu.

Nilipoingia, Maalim alinitazama kuanzia juu. Akaona viganja vyangu vilivyochubuka. Akaona nyuzi za usumba zilizonishika nguoni. Akatazama miguu. Akacheka yule mzee, akacheka kwa furaha kabisa, akafungua kiganja chake cha kulia akaninyoshea.

Nikaelewa. Nikakaa mbele yake, nikampigia kwa kidole kiganjani: moja, nikangoja; ya pili, nikangoja zaidi. Akaitikia kwa kichwa. Nikaziachia zikashuka mbio mpaka kwenye kifundo cha mkono, nikaacha. Akangoja. Akanitazama kama anayeuliza: kisha?

Nikamgeukia Bi Rukia, nikampigia mezani jibu la pugi wa pili aone. Akakaa upande wa kushoto wa mumewe, akakichukua kiganja chake kingine, akampigia yeye, taratibu, chini zaidi.

Maalim alifumba macho. Kisha akasema kwa ile sauti ya juu ya watu wasiojisikia:

"Mize!"

Na akalia, na sisi tukalia.

Wimbo ule tuliupiga Idi iliyofuata. Fidla yangu haikuumaliza. Ilikatika pale pale pugi anapokatika, na wanawake wakaitika, na kiitikio chao ndicho kilichoumaliza. Aliyekiongoza alikuwa Bi Mize, tuliyemleta kutoka Uroa kwa gari la shamba, akiwa na kanga mpya na bila woga wowote. Maalim alikaa kati yetu, kiganja kimoja juu ya ganuni aliyopigiwa na mwengine, macho yake kwenye mdomo wa dada yake. Watu walituambia ulikuwa wimbo bora wa mwaka. Mimi nilikuwa namtazama mzee mmoja aliyeutaka kwa masikio yake akaupata kwa ngozi, na nilijua ni nani aliyemnyima. Alinisamehe, tena mara nyingi. Majuto ni mjukuu, hasikii kwamba babu yake amesamehewa.

Sasa neno langu ni hili. Simu yako sikuichukii. Mimi niliyelishwa na redio nitachukiaje simu? Azima upendavyo, na useme umeazima. Lakini kabla hujatia sauti yako duniani, toka nje ukasikilize zilizokuwapo kabla yako: mvua kwenye mabati, kunguru wa Darajani wanaogombana, upepo mivinjeni. Vyote hivyo vinajua kungoja, na wewe ulichonisikilizisha juzi hakingoji popote. Usiende kuwinda. Nenda na kazi mkononi, uchoke kidogo, uache nafasi. Ukitumwa na mzee umsikilizie jambo, usimletee ulichonacho, kamletee alichokuomba, na umletee leo. Sikio la mtu halikungoji umalize kuona haya. Na wimbo wako usiumalize peke yako. Bakisha mahali mwengine aitike.

Mola akuzibue masikio ungali kijana, akuepushe na mkate usio wako, na popote utakapoita akujaalie mtu wa kukuitika. Mimi nimeshaita, mwanangu. Itika: amin.